Mwanamke wa Dirishani

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi tu, ila nimechekwa sana tangu siku ile hadi naiona kama enzi za babu zangu, palikuwa na binti mmoja hapa Tabora, jina lake Kalunde. Kalunde alikuwa chuoni, na alichosomea ni kupiga picha. Ndiyo, siku hizi kunasomewa. Mimi ni mjomba wake, Mrisho, dereva wa malori mstaafu, na nawaomba msicheke mapema. Kicheko kina mahali pake, nitawaonesha.

Mwalimu wake, Mwalimu Ngailo, akawapa wanafunzi kazi. Akasema, "Nileteeni picha moja ya sura ya mtu. Moja tu. Nikiitazama nione uanamke. Itakayoshinda itakwenda kwenye maonesho Unguja."

Kalunde akatoka. Akampiga picha rafiki yake, midomo myekundu, hina hadi viwikoni, ua la plastiki sikioni. Akapeleka. Mwalimu akatazama, akasema, "Hii ni kalenda ya duka la vitambaa. Uanamke uko wapi?"

Kalunde akatoka tena. Akampiga picha mama mwenye ndoo kichwani, mtoto mgongoni, jasho usoni. Akapeleka. Mwalimu akatazama, akasema, "Hili ni bango la mradi wa kisima. Uanamke uko wapi?"

Kalunde akatoka mara ya tatu. Akampiga picha msichana fundi, spana mkononi, grisi shavuni, amekaa juu ya pikipiki. Akapeleka. Mwalimu akatazama kwa muda mrefu, mpaka Kalunde akaanza kupata matumaini. Kisha mwalimu akauliza, "Hii pikipiki ni ya mwaka gani?"

Kalunde akarudi nyumbani analia. Nyumbani ni kwa mama yangu mzazi, Bibi Nyamizi. Tunaishi humo wanne: Bibi, Kalunde mjukuu wake, mke wangu Tausi, na mimi, ambaye tangu nistaafu kazi yangu kubwa ni kuuliza chakula kitaiva saa ngapi.

"Unalia nini?" Bibi akauliza.

"Natafuta mwanamke wa kumpiga picha, Bibi. Nimemkosa."

"Umemkosa? Na mimi niliyekaa hapa ni nini, kabati?"

Basi ikapangwa Jumapili. Bibi Nyamizi alifurahi, na mjue kwa nini. Katika miaka yake sabini na minne amepigwa picha moja tu, ile ya kitambulisho, na ukiiona utadhani mama wa watu amekamatwa na mbuzi wa jirani. Alikuwa akikificha kitambulisho hicho ndani ya soksi. Sasa atapata picha ya heshima.

Jumapili ikafika. Kalunde akakagua nyumba nzima, akachagua dirisha la sebuleni. Akatueleza mambo yake ya chuo: mwanga wa dirisha huingia kwa ubavu, unashika shavu moja, la pili linabaki kivulini, na hapo ndipo sura inapoanza kusema. "Lakini mwanga mzuri upo saa tatu mpaka saa nne tu," akasema. "Baada ya hapo jua linapanda, linakuwa kali. Bibi, saa tatu uwe tayari."

Saa tatu Bibi alikuwa bafuni. Saa tatu na nusu alikuwa anajifukiza udi. Saa tatu na dakika arobaini Kalunde akagonga mlango. "Bibi, jua linaondoka!"

"Liambie linisubiri! Nimemaliza jicho moja!"

Hapo Kalunde akanigeukia mimi. "Mjomba, tafadhali kaa kwenye kigoda cha Bibi, nipime mwanga. Dakika moja tu."

Sasa nawaomba mkumbuke jambo moja. Jana yake nilikwenda kwa kinyozi wetu, Shija, anipunguzie sharubu. Wembe ukamteleza Shija upande wa kushoto. Akapunguza wa kulia ili zilingane. Akazidisha. Akarudi kushoto. Tukaendelea kulinganisha hivyo mpaka kati ya pua yangu na mdomo pakabaki uwanja mtupu. Mara ya kwanza tangu nibalehe. Tausi aliponiona alinikaribisha kama mgeni.

Basi nikakaa kwenye kigoda. Mama akachungulia mlangoni, jicho moja lina wanja na jingine halina, akaniona. Akapiga kelele.

"Wewe Mrisho! Ndivyo unavyokaa mahali pangu? Umejitanua kama unasubiri tairi izibwe!"

"Mama, ni majaribio tu."

"Majaribio ya nini? Mtoto atapima mwanga wa gunia!" Akatoka na kanga yake, ile ya zambarau anayoivaa kwenye harusi tu, akanifunika kichwa, akaishusha ikameza kitambi chote. Akanipiga gotini. "Funga miguu. Geuza bega. Mkono huu hapa, vidole vilegeze, hujashika usukani. Usitoe macho kama unaulizwa leseni. Tazama chini kidogo, pembeni, kama mtu anayejua jambo na hasemi."

Kalunde akatazama kwenye kamera. "Shavu moja limezama kabisa kwenye giza," akasema. "Anti Tausi, tunahitaji kitu cha kurudisha mwanga kidogo."

Tausi akaja na sinia la pilau, lile kubwa la alumini, limesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Akalishika chini ya dirisha. Mwanga ukaruka kutoka kwenye sinia, ukanigusa shavuni.

"Juu kidogo, Anti."

"Nikipandisha kitaonekana kidevu chake. Hiki kidevu nimekizoea mimi, wengine watashtuka. Kiache gizani."

"Mkono wako unatetemeka."

"Sinia zito! Piga!"

Wakati huo harufu ya pilau ilikuwa inatoka jikoni. Nikatazama chini kidogo, pembeni, upande wa mlango wa jikoni. *Kacha*. Kalunde akapiga moja tu.

Kisha Bibi akaja, amekamilika, macho yote mawili. Kalunde akampiga picha thelathini. Na katika zote thelathini, wapenzi, Bibi Nyamizi alikaza shingo, akabana midomo, akatoa macho, kama anaapa mahakamani. Kalunde akamwambia vuta pumzi, akavuta, hakuitoa. Akamwambia fikiria jambo zuri, akafikiria, likamkasirisha. Yeye aliyenifundisha mimi kukaa, mbele ya kamera alirudi kwenye kitambulisho. Saa nne ikapita, mwanga ukaondoka.

Usiku Kalunde akazipanga picha zote mezani. Thelathini za Bibi na moja ya yule wa kigodani. Akazitazama sana. Asubuhi akapeleka ile moja. Hakudanganya. Hakusema lolote, na hakuna aliyeuliza.

Mwalimu Ngailo akaitazama. Safari hii hakuuliza uanamke uko wapi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Picha ikashinda chuoni. Ikaenda kwa majaji watatu, ikashinda na huko. Jaji mmoja akaandika, "Mwanamke huyu amengoja maisha yake yote, na bado anangoja kwa upole." Wa pili akaandika, "Ana siri, na ameibeba kwa heshima." Wa tatu, mama mtu mzima, wanasema alitoa leso akasema, "Nimemwona marehemu mama yangu."

Barua ikafika nyumbani Alhamisi jioni, Kalunde akaisoma kwa sauti. Tiketi mbili za ndege kwenda Unguja, siku tatu. Moja ni ya mpiga picha. Ya pili ni ya mwanamke wa kwenye picha, ambaye atasimama kando ya picha yake, watu wamsalimie. Jina lake liletwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Lisipofika, tiketi itarudishwa.

Kalunde akaiweka barua mezani.

"Mwanamke wa kwenye picha," Tausi akasema polepole, akaniangalia. Hapo ndipo mahali pa kicheko nilipowaahidi. Tausi alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Kalunde hakucheka. Ijumaa asubuhi alimpigia mwalimu, akaungama kila kitu. Upande wa pili tukasikia mtu anakohoa, kumbe anacheka.

"Kalunde," mwalimu akasema, "niliagiza picha nione uanamke, na nimeuona. Ushindi ni wako, haufutwi. Majaji nitawaambia mwenyewe. Lakini tiketi ni ile ile, ya mwanamke wa kwenye picha, na ni moja. Nani mwanamke huyo mtaamua wenyewe. Saa sita nataka jina."

Kalunde akachukua karatasi na kalamu, akakaa mkekani. Sisi watatu tukakaa mbele yake.

Bibi Nyamizi akaanza, kwa kuwa ni mkubwa. "Andika jina langu. Uso ni wa Mrisho, sikatai, mimi ndiye niliyemzaa na uso wenyewe. Lakini uso huo unazunguka mtaa huu miaka hamsini na mbili. Nani amewahi kutoa leso kwa kuuona? Kanga yangu. Kigoda changu. Goti nimelipiga mimi, bega nimeligeuza mimi, macho nimeyashusha mimi. Kila kinachopendeza humo kimetoka mwilini mwangu, nikakiweka juu yake kama unavyotundika nguo kwenye kamba. Mtu akisifu nguo, tunaipa kamba tiketi? Na mimi nina picha moja tu duniani, naificha kwenye soksi. Siku moja tu nisimame kando ya picha, watu waseme, ndiye huyu."

Kalunde akaelekeza kalamu kwenye karatasi.

"Ngoja," Tausi akasema. "Mama, shikamoo, na samahani. Andika jina langu. Kalunde, wewe ndiye uliyetuambia picha ni mwanga. Mwanga nani aliuleta? Nimeshika sinia mpaka mkono ukafa ganzi. Ningelipandisha kidogo, kidevu kingetoka, na hiyo siri wanayoisifu majaji ingekuwa na ndevu. Nilijua cha kumulika na cha kuacha gizani. Nimejuaje? Miaka ishirini na miwili ya ndoa! Kazi yangu humu ndani ni hiyo hiyo, kumulika shavu zuri la huyu baba na kufunika kidevu. Tena huyu amefika Lubumbashi, amefika Kampala, amefika Lilongwe. Mimi nimefika hapo Nzega tu."

Kalunde akainua kalamu.

"Subirini," nikasema. "Mimi sina maneno mengi."

"Leo!" Bibi akasema.

"Chukueni picha. Wekeni kidole juu ya mtu aliyemo. Kidole kimemgusa nani? Basi. Nchi zote hizo nilizofika, Tausi, nimekwenda kwa lori. Ndege nimeiona tumbo lake tu, nikiwa chini, nabadilisha tairi. Halafu Mama anasema macho aliyashusha yeye. Kweli, alisema nitazame kama mtu anayejua jambo na hasemi. Lakini jambo lenyewe alinipa nani? Nililitafuta mwenyewe." Nikaona nimeshaanza, acha nimalizie. "Asubuhi ile, kabla sijakaa kigodani, nilifunua sufuria nikala vipande viwili vya nyama. Hiyo ndiyo siri niliyoibeba kwa heshima. Na nilichokuwa nangoja maisha yangu yote kwa upole ni pilau kuiva."

Tausi alikuwa ameanza kucheka, akaacha. "Kumbe ni wewe! Na mimi nikamsingizia paka! Nikamfukuza na ufagio!"

"Paka nilimwomba radhi."

"Vipande viwili?"

"Vitatu."

Mara mlango ukagongwa, akaingia Shija kinyozi, kanzu safi, amepaka mafuta. Habari za mtaani hazina breki. "Shikamoo, Bibi. Nimesikia mnaandika jina. Nauliza tu kwa adabu. Zile sharubu zingekuwepo, majaji wangelia?"

"Wangelia," Bibi akasema. "Shija, mwanangu, rudi kanyoe watu."

"Nimekuja kuuliza tu."

"Umeuliza. Funga mlango, vumbi linaingia."

Saa ikasogea. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika hamsini. Kalunde akamtazama Bibi, akaona kweli. Akamtazama Tausi, akaona kweli. Akanitazama mimi, akatikisa kichwa, lakini akaona kweli. Jasho likamtoka puani. Akituacha bila jina, tiketi inapotea. Akiandika moja, wawili watanuna humu ndani, na mmoja wa hao ndiye anayepika.

Tukakaa tunangoja, watatu mkekani, mbele ya dirisha lile lile. Hakuna aliyetupanga. Bibi aliinamisha macho pembeni, hakutaka mjukuu aone anavyoitaka safari ile. Tausi aliinamisha macho pembeni, akiwaza nyama. Na mimi niliinamisha macho pembeni, kwa sababu vilikuwa vinne.

Kalunde akatuangalia. Akaweka kalamu chini, akachukua kamera. *Kacha*. Moja tu. Kisha akaichukua tena kalamu, na saa ya ukutani ikaanza kugonga saa sita.

Nyinyi mliokaa hapo mnafuta machozi kwa kunicheka, karatasi hii hapa, na nafasi ni ya jina moja. Mama aliyemtengeneza mwanamke, mke aliyemwangaza, au mimi niliyekuwa yeye: je, nani alistahili kupanda ndege?