Bonde Lililoitwa Mfu

Wamesimulia wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemeni aliishi mcha Mungu aitwaye Ayyashi, ambaye kadhi hakukata shauri la ardhi bila ushahidi wake.

Amiri wa mji alilitamani bonde la malisho lililo nje ya lango. Kwa sheria, ardhi mfu, isiyo na mwenyewe wala matumizi, ni ya yule atakayeihuisha. Basi akawapeleka kadhi na Ayyashi bondeni katikati ya kiangazi, wafugaji walipokuwa wamehamia milimani na mifugo yao.

"Tazama, sheikh wangu," akasema Amiri. "Vumbi tupu! Hapa nitapanda bustani, katikati nijenge msikiti, nawe uwe imamu wake. Sema neno moja tu: mfu."

Moyo wa Ayyashi ukayumba. Maisha yake yote aliomba apate msikiti wa kuswalisha. Na kweli, hakuona mtu pale, wala alama ya kwato.

Mara akajikongoja mbele yao Bi Rayhana, mjane mfugaji aliyebaki nyuma kwa maumivu ya miguu.

"Mfu nani?" akauliza. "Tumeliacha lipumzike. Mbuzi wakikaa hapa kiangazi watang'oa hadi mizizi, na mvua ikija hakuna kitakachoota. Kuliacha ndiko kulitunza kwetu."

Amiri akacheka. "Msikieni! Hata uvivu siku hizi ni kilimo."

"Nawe bwana mkubwa, ukilala usingizi, tuje tukuzike?"

Wapambe wakainama kuficha vicheko. Ayyashi hakucheka. Damu ilimchemka kwa jinsi alivyokaribia kuuza ulimi wake.

"Ewe Amiri," akasema, "umetuleta msimu ambao wenyewe hawapo, ili kutokuwapo kwao kuwe hoja yako! Nashuhudia mbele ya Mwenyezi Mungu: bonde hili li hai, na lina wenyewe. Wala sitaswalisha juu ya malisho ya mjane."

Amiri akamvua cheo cha shahidi wa kadhi papo hapo. Lakini kadhi alikwisha kuusikia ushahidi, na hakuthubutu kuufuta. Mvua zikaja, wafugaji wakateremka, na Ayyashi akaswali nao majanini, maamuma katika safu ya nyuma.

Enyi waumini, mwenye nguvu akitaka cha mnyonge, kwanza hukiita kitupu. Anayemwitikia naye ameshika jembe la dhuluma. Mola atukinge na kuitikia huko.