Honi ya Korongoni

Sogeeni niwasimulie habari ya wanafunzi watatu na fomu moja. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza niliikasirikia, na nyinyi pia mtaikasirikia, lakini vumilieni mpaka mwisho.

Chini ya milima ya Upare palikuwa na sekondari ya kata, na mbele yake korongo liitwalo Mahande. Karibu mwaka mzima korongo hilo ni mchanga mtupu, watoto wanalivuka huku wakipiga soga. Mvua ikinyesha mlimani, huku chini jua linawaka, maji yanashuka ghafla na kuzoa kila kilicho mbele yake. Yalikwisha kuchukua watoto wawili, wote wa darasa la mwalimu wa fizikia, Madam Mrutu. Baada ya msiba wa pili, Madam akatoa majembe stoo, akaweka meza, akaiita karakana. Wakaja wanafunzi watatu wa kidato cha tatu, watengeneze kifaa cha kuwaonya wanaovuka.

Wa kwanza Nakijwa. Binti huyu alizaliwa huko juu, ukingoni mwa korongo, na alilijua nje ndani. "Kutoka kwetu mpaka kivukoni maji yanatumia dakika nane, Madam," alisema. "Nimeshahesabu." Yeye ndiye aliyeonyesha mahali pa kuweka kifaa.

Wa pili Nambua. Huyo mikono haikumtulia. Alipokuwa mdogo aliifungua redio ya babu yake, akachapwa, akaifunga tena, ikaanza kukamata stesheni ambazo babu hajawahi kuzisikia. Akatengeneza kifaa chenyewe. Aliweka dumu tupu ndani ya bomba lililosimikwa korongoni kule juu. Maji yakipanda, dumu linapanda, vyuma viwili vinagusana, na kule kivukoni honi ya pikipiki inalia.

Wa tatu Mbonea, ambaye korongo halijui na waya hazijui. Kipaji chake kilikuwa kutochoka. Waya wa kilomita nzima aliuomba kwa mafundi umeme, kipande kwa kipande, mpaka wakawa wakimwona wanajificha. Kisha akachimba mtaro wa kuufukia, wiki tano, kila akitoka darasani. Viganja vilipopasuka alivifunga matambara, akaendelea.

Mtoe mmoja wao, honi haipo. Hilo hata wao walilijua.

Januari, korongo likiwa kavu, wakaijaribu kwa ndoo za maji ya bomba. Honi ikalia, watu wakarukaruka. Nakijwa peke yake hakuruka.

"Madam, maji ya korongo hayaji safi hivi," akasema. "Watu wa kwetu wakishavuna wanatupa mabua humo humo. Dumu litakwama. Tuweke wavu."

"Tutaweka, mwanangu. Ijumaa wageni wa wilayani wanakuja, acha kwanza waione."

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanywa soda, wakaondoka. Mitihani ikafuata, na Madam akasahau wavu. Nakijwa hakusahau. Kila wingu lilipotanda mlimani alikwenda kutoa mabua kwa mkono, wala hakumwambia mtu shuleni.

Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa sita, Nakijwa aliomba ruhusa, akasema tumbo linamuuma. Madam akampa. Saa nane watoto thelathini na wanne walikuwa wanateremka korongoni kurudi makwao, honi ikalia. Wakapanda ukingoni mbio. Baada ya dakika nane maji mekundu yakapita mbele yao na magogo ndani yake, na watoto wakaishangilia honi yao.

Jioni Nakijwa hakuonekana kwao. Walimpata kesho yake, mbali kule chini, karibu na barabara kuu.

Walipokwisha kumzika, Madam Mrutu alipanda peke yake mpaka kwenye bomba. Dumu lilikuwa safi, halina bua hata moja, na juu ya ukingo mabua yalikuwa yamerundikwa. Akakaa chini akalia hadi sauti ikamkauka.

Mwezi uliofuata ikaja barua na fomu kutoka chuo cha ufundi. Nafasi moja, ada yote imelipwa, jina moja la mbunifu wa honi. Mkuu wa shule akapiga simu kuuliza habari za marehemu. Chuo kikajibu kwamba likiandikwa jina lake, mdogo wake atapokelewa badala yake. Jina aliandike Madam.

Nambua akaja. "Kifaa nilikitengeneza mimi, Madam. Naona haya kusema hivyo na mwenzangu yuko kaburini. Lakini nikinyamaza nitaishia kukata mkonge kama mama."

Mbonea akaja. "Mimi mitihani sina kichwa chake, unajua. Kidato cha nne sitafaulu. Mlango wangu ni huu tu, Madam."

Mwisho akaja Mama Nakijwa, amemshika mkono binti yake mdogo, Nakiete. Madam akamwamkia, akamvutia kiti.

"Mwalimu," akasema yule mama, "mwanangu alinisimulia ile habari ya wavu. Sikulaumu. Andika jina lake, mdogo wake aende."

Bora angemlaumu. Usiku na mchana Madam akajiuliza: nikimwandika Nakijwa, ni kwa sababu anastahili, au nanunua usingizi wangu kwa nafasi ya watoto wawili walio hai? Na nikimwandika aliye hai, nitampitaje mama huyu njiani?

Leo fomu inaondoka. Pikipiki ya Mkuu inaunguruma nje, kalamu iko mkononi, mstari ni mmoja.

Mnaonisikiliza, msinitazame mimi, mimi ni msimulizi tu. Nakijwa aliyelijua korongo, Nambua aliyekitengeneza kifaa, Mbonea aliyeufikisha waya: kalamu ingekuwa yako, na wavu ungekuwa umeusahau wewe, ungemwandika nani?