Jani la Isale Mlangoni kwa Aikande

Hebu fumbeni macho kidogo, wanangu. Oneni nyumba ndogo katikati ya migomba, kule Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Ni asubuhi ya Krismasi. Kila nyumba inanukia nyama, ila hii mlango wake umefungwa. Anaishi humo Aikande. Ni Krismasi ya tisa anajifungia, kwa sababu siku kama hii mchumba wake, Ndesario, alitoroka, zikiwa zimebaki siku nne tu wafunge ndoa.

Watu watatu waliufungua mlango huo.

Bibi Manka, mama yake Ndesario, alijaliwa kutokata tamaa. Kila Jumamosi alimpelekea Aikande maziwa. "Aliyekukimbia ni mwanangu," alimwambia. "Mimi nipo." Mwaka huu, magoti yakimuuma, alipanda basi mpaka Tanga, akamkuta mwanawe gereji.

"Mvi zimekuota na radhi hujaomba!" alimfokea. "Nawa mikono, twende."

Anaeli, jirani, alijaliwa subira. Mfereji wa Aikande ulipoziba, aliuzibua. Migomba ilipoinama, aliiwekea nguzo. Krismasi hii alivaa shati jipya, akatoka kwenda kumwambia Aikande kwamba anampenda. Kwenye ua wa Aikande akamkuta Ndesario amesimama.

"Wee, unakwenda kuomba msamaha mikono mitupu? Umekuwa mtu wa pwani kabisa!"

"Anaeli, ndugu yangu, sithubutu hata kugusa isale."

Kwetu, anayeomba radhi hubeba jani la isale, mmea tunaoupanda kwenye ua, na anayepewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Anaeli alilijua hilo vizuri. Hata hivyo akatoa kisu, akakata jani, akampa.

Ndesario alijaliwa maneno matamu, lakini siku hiyo aliyaacha yote. Alipiga magoti mlangoni. "Niliogopa, Aikande. Wewe hukuwa na kosa lolote."

Kwa miaka tisa Aikande alikuwa akijiuliza alikosea wapi. Alifungua mlango, akalipokea jani, akalia mpaka khanga ikalowa.

"Nimekusamehe," akasema.

"Basi nipokee, tufunge ndoa yetu. Ukinikataa narudi Tanga, na huku sikanyagi tena."

Bibi Manka, aliyekuwa nyuma ya Ndesario, akamshika bega, maana ndiye mwanawe wa pekee. Nje ya ua Anaeli alisikia kila neno. Hakuingia. Wala hakuondoka.

Bila mama, Ndesario asingerudi. Bila Anaeli, asingeufikia mlango. Bila Ndesario mwenyewe, yale maneno yasingesemwa. Na Aikande akichagua vyovyote, kuna mtu atakayekwenda nyumbani akilia, sikukuu yote.

Haya, wanangu, mngekuwa ninyi, mngesema nani akae kando ya Aikande mezani siku ile?

Msijibu haraka. Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: mpaka hapa, hakuna hata mmoja aliyemuuliza Aikande yeye anataka nini.