Fundi Betri na Bustani ya Jirani

Wapendwa, sogeeni kidogo huku mbele, wa nyuma wasije wakasema hawakusikia.

Kulikuwa na fundi mmoja wa betri za magari. Uani kwake alivunja betri chakavu, akayeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani na kuyauza. Maji makali ya betri, yenye risasi ndani yake, aliyamwaga mferejini, na mfereji ukatelemka hadi kwenye bustani ya jirani yake, mama aliyelisha nusu ya mtaa kwa mchicha na matembele. Fundi alijua risasi si kitu cha mchezo, ila alijiambia kwamba ardhi humeza kila kitu. Hata yeye mchicha aliununua palepale.

Miaka ikaenda. Binti mdogo wa yule mama akawa mtu wa kulia tumbo, na kusema kukamshinda. Wenzake wanaimba, yeye anawatazama tu. Hospitali wakampima damu, wakakuta risasi. Mtaalamu wa udongo akaitwa. Akachota udongo bustanini, akaufuata mfereji hatua kwa hatua, mpaka akasimama mlangoni kwa fundi.

Siku ileile fundi akazima moto wake, akaenda kwa jirani.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi. Sikukusudia."

Mama alikuwa amempakata mwanawe. "Nimekusamehe, fundi. Mbele za Mungu nimekusamehe. Lakini udongo hausikii samahani. Mchicha wangu nitaupanda wapi?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Si wengi wetu tungesema, "Ah, si ameshanisamehe?" Fundi naye alitafuta njia ya mkato. "Nitaleta lori la udongo mwekundu, tufukie juu, yaishe."

Mtaalamu akatikisa kichwa. "Ukifukia umeficha tu. Masika mawili matatu, mizizi itaikuta sumu pale pale."

Akamwonyesha kazi yenyewe. Udongo wa kando ya mfereji, ulioathirika zaidi, uparuliwe na kupelekwa kwenye shimo maalumu la taka za sumu. Unaobaki uchanganywe na mboji na unga wa mifupa, ili risasi ishikwe isipande kwenye mboga. Kisha zipandwe alizeti, zinyonye kidogo kidogo ile isiyoshikwa, zing'olewe na mizizi yake, na zote zipelekwe kulekule shimoni.

"Itachukua muda gani?" fundi akauliza.

"Miaka, fundi. Usihesabu miezi."

Fundi akashika jembe. Kwanza alimletea mama yule udongo safi kwenye viroba, alime mboga zake humo wakati wakisubiri. Kisha akapanda. Alizeti zilipochanua, mtaa mzima ulikuja kutazama. Mkamua mafuta naye akaja, akizitaka zote.

"Haziliwi hizi," fundi akamwambia. "Zimebeba sumu yangu."

Akazing'oa zikiwa zimenona. Watu wakacheka: mkulima gani huyu, kila mwaka anavuna asile kitu? Yeye akapanda tena. Kuna asubuhi mgongo ulimuuma hata akalia, lakini akipita binti yule kwenda shule, fundi aliinama akaendelea.

Mwaka wa sita mtaalamu akapima, akatabasamu. "Mama, panda mchicha wako." Binti naye, risasi damuni mwake ilikuwa imepungua sana. Kusema bado alisema polepole, lakini alisema. Vigelegele vikapigwa.

Sasa nisikilizeni hapa. Mtaalamu alitembea hadi ukingo wa chini wa bustani, akachuchumaa, akaonyesha kwa kidole. Mfereji haukuishia pale. Ulipita chini ya ua ukaingia shamba la mahindi la mzee mmoja aliyeishi peke yake. Mzee hakuwahi kulalamika. Hakuna aliyempima, hakuna aliyemshtaki fundi kwa ajili yake.

Mama akasogea, akanong'ona: "Mwenyewe hajui, fundi. Na wewe umechoka."

Fundi alimtazama, akatazama mikono yake iliyoota sugu. Kisha akazunguka ua.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi, karibu. Habari gani?"

"Nina kosa kwako, nawe hulijui. Nimekuja nikuambie, kisha unionyeshe pa kuanzia kulima."

Wapendwa, mnaona? Kwa mama yule alipelekwa na aibu, maana alikuwa amekamatwa. Kwa mzee, nani alimkamata? Hapo ndipo tunajua kwamba kilichosafishwa miaka yote ile hakikuwa bustani peke yake.

Sisi tunapenda toba ya kushikana mikono, tupige picha, twende nyumbani. Mungu husamehe siku hiyohiyo, sina shaka hata chembe. Lakini kilichoharibika kwa mwenzako kinatengenezwa kwa misimu, na nawaambieni kinatengenezeka! Usikate tamaa kwa sababu kazi ni ndefu.

Yupo mtu asiyejua ulichomfanyia. Jina lake limekujia sasa hivi, ulipokuwa umekaa hapo. Basi ibada ikiisha usije mlangoni kunishika mkono mimi. Nenda kwake, upige hodi.