Orodha ya Ambakisye

"Orodha hupanga silaha, hofu hupanga mikono."

Nimewasikia mkiitamka methali hiyo hapo nje, mkimcheka mwenzenu aliyeshindwa gemu la kwenye simu. Kisha mmeniuliza aliyeianzisha ni nani. Nitawaambia kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu haikuzaliwa kwenye kicheko. Ilianza hivi.

Miaka kumi na sita iliyopita nilistaafu ualimu wa hesabu, nikafungua ukumbi wa kompyuta hapa Tukuyu. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, kompyuta nane, na bati lililopiga kelele kila mvua iliponyesha, yaani karibu kila siku. Asubuhi watu walikuja kuandika barua za kuomba kazi. Kuanzia saa nane mchana, waliokuja walikuja kwa ajili ya Falme Tisa.

Falme Tisa lilikuwa gemu la mtandaoni. Ukiingia unachagua mhusika wako, unampa jina, unamlea kwa miaka mpaka anakuwa na nguvu. Humo unakutana na watu wa nchi za mbali usiowajua kwa sura, mnasaidiana au mnapigana. Wahusika walikuwa wa aina nyingi. Kulikuwa na Mshika-ngao, Mpiga-upinde, Mnyemeleaji anayejificha kivulini na kuchoma kisu, Mchawi wa Radi, Mganga anayeponya majeraha, na wengineo. Ubishi haukuisha: mtu na mtu wakipambana, aina gani ina nguvu kuliko zote?

Aliyeumaliza ubishi huo kwetu alikuwa Ambakisye, fundi redio, kijana wa miaka ishirini na sita. Kila mwanzo wa mwezi alibandika karatasi kwenye mlango wangu, aina zote zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Alitazama mapambano kwa mamia, akaandika kwenye daftari nani kamshinda nani na kwa silaha gani. Mtu akibisha, daftari lilifunguliwa. "Mimi sikisii," alikuwa akisema. "Nahesabu." Watu wa Kyela na Mbeya walipiga simu kuuliza orodha ya mwezi imesemaje. Kwa miaka mitatu Mchawi wa Radi hakushuka nafasi ya kwanza, na Mganga hakupanda kutoka ya mwisho.

Ambakisye mwenyewe alikuwa na Mchawi wa Radi. Alimwita Radi ya Rungwe, na alikuwa amemfikisha daraja la juu kabisa. Ila alimlea kwa kupigana na majoka na mazimwi yanayoendeshwa na kompyuta. Dhidi ya mtu hakupigana kamwe. Akiitwa uwanjani alikuwa na sababu: leo macho yanamuuma, leo kuna redio ya mtu inamngoja. Watu wakisimama nyuma ya kiti chake kumtazama, aliacha kucheza na kutia mikono kwenye mifuko ya koti. Tulidhani ni baridi. Mnaijua baridi ya huku.

Mwingine mnayepaswa kumjua ni Subilaga. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, mama wa watoto wawili, na alikuja ukumbini akitoka zamu. Mhusika wake aliitwa Mama Mvua, naye alikuwa Mganga, wa mwisho kwenye orodha. Halikumsumbua. "Kaka Amba," alimwambia, "hata wa mwisho ana kazi yake." Alikuwa amemlea Mama Mvua kwa miaka sita. Alikuwa na rafiki yake mwanamke kule Moroni na mwingine kijana wa Gulu, na wote walimjua kwa jina hilo tu. Namba za simu hawakuwahi kupeana.

Ukumbi wangu ulipofikisha miaka saba, wenye gemu wakafungua Uwanja wa Kaburi. Mhusika akishindwa humo, alifutwa. Sisemi alipoteza nguvu au mali. Alifutwa jina, sura, miaka yote uliyomlea, na marafiki zake hawakumwona tena. Watu walipigana wawili dhidi ya wawili, na aliyeanguka alifutwa hata mwenzake akishinda. Ukishajiandikisha hukuweza kujitoa, na mtandao ukikukatikia katikati ya pambano ulihesabiwa umeshindwa.

Wiki ya pili akatokea Kimyakimya. Alikuwa Mnyemeleaji, na hakuna aliyejua yuko nchi gani. Aliruhusiwa kupigana peke yake dhidi ya wawili, maana hakuna aliyethubutu kuwa mwenzake. Hakuandika neno hata moja. Alichofanya ni kuweka majina ya wahusika wawili waliojiandikisha kwenye ubao wa uwanja, na siku ya pambano ikipita walikuwa hawapo tena. Ukumbini kwangu wachezaji walianza kupungua. Kuna waliofungua ule ubao wa majina huku wamefumba jicho moja.

Siku moja Subilaga alikuja akakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Kimyakimya alikuwa amemfuta yule rafiki yake wa Moroni.

"Sijui nimtafute wapi," alisema. "Hata jina lake la nyumbani silijui."

Kisha akamgeukia Ambakisye mbele ya watu kama kumi na watano. "Kaka Amba, daftari lako linasema Mchawi wa Radi humshinda Mnyemeleaji mara saba katika kumi. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tujiandikishe wewe na mimi. Atakuja kwetu. Mimi nitaponya, wewe utapiga."

Watu wakapiga makofi. Ambakisye akatia mikono kwenye mifuko ya koti. "Sawa, dada Subi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida.

Alhamisi majina yakatokea ubaoni. Radi ya Rungwe. Mama Mvua. Jumamosi, saa tisa alasiri.

Siku mbili hizo Ambakisye hakufungua kibanda chake cha redio. Alishinda ukumbini akipitia daftari, ukurasa kwa ukurasa, kama anayetafuta kosa. Mke wangu alimletea sahani ya mbalaga, ndizi zikapoa zikagandia mafuta. Aliniuliza mara tatu kama umeme huwa unakatika siku za Jumamosi. Nilidhani anaogopa usije ukakatika.

Jumamosi asubuhi nilipofika kufungua, nilimkuta nyuma ya jengo. Amesimama mvuani mbele ya swichi kuu, mkononi ana koleo la kukatia waya.

"Amba. Unafanya nini?"

Hakushtuka. Nadhani alikuwa amesimama pale muda mrefu. "Umeme ukikosekana saa tisa, Mwalimu, tutahesabiwa tumeshindwa wote wawili. Lakini hakuna atakayesema ni mimi."

"Kwani nani atasema ni wewe? Mchawi wako ndiye wa kwanza kwenye orodha."

Akaninyooshea mikono. Ilikuwa ikitetemeka kuanzia viwiko mpaka vidoleni, lile koleo likalia lenyewe.

"Hii si baridi," akasema. "Haijawahi kuwa baridi. Ni macho ya watu. Shuleni nikipelekwa ubaoni chaki ilikuwa inanidondoka. Nilichagua ufundi redio kwa sababu fundi anakaa peke yake. Na orodha, Mwalimu… anayepanga wapiganaji haulizwi kama yeye anapigana."

"Mwambie Subilaga. Atajua la kufanya. Yule anazalisha watu, ameona mikono ya kila namna."

"Nimwambie kwamba miaka mitatu nimewapanga watu, na mimi mwenyewe siwezi kubonyeza kibonye nikitazamwa?"

"Na Mama Mvua? Ukikata waya huo unamfuta yeye pia."

Mvua ilimchuruzika usoni. Akalishusha koleo, akanipa. Kisha akasema, "Nakuomba kama baba yangu, usimwambie."

Nikakubali. Hapo ndipo na mimi nina sehemu yangu katika habari hii, na siifichi. Niliogopa kumfedhehesha kijana wa watu. Ningemnong'oneza Subilaga neno moja tu, pengine angepanga pambano namna nyingine. Sikumnong'oneza.

Saa nane na nusu ukumbi ulikuwa umejaa mpaka dirishani. Nilijaribu kuwatoa baadhi yao, wakagoma. Subilaga alikaa kompyuta ya tatu na Ambakisye ya nne. Saa tisa kamili uwanja ukafunguka: jiwe jeusi, ukuta wa duara, na vivuli vingi. Wahusika wao wawili walisimama katikati. Kimyakimya hakuonekana.

Dakika nzima hapakutokea kitu. Mle ndani watu karibu arobaini hawakukohoa. Nilisikia kipanya cha Ambakisye kikigonga gonga meza, tik tik tik, ingawa hakuwa akikibonyeza.

Mara kivuli kikajitenga na ukuta. Kisu kikamwingia Mama Mvua ubavuni. Subilaga akajiponya papo hapo, akasema bila kupaza sauti, "Amba, huyo hapo. Piga."

Radi ya Rungwe alisimama tu.

Kisu cha pili. Subilaga akajiponya tena, lakini uponyaji wa Mganga hupungua kila unapoutumia kwa mfululizo, na hilo liko kwenye daftari la Ambakisye, aliliandika mwenyewe. "Amba, sasa!"

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa wazi kabisa. Mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, imeganda, vidole vimejikunja kama vya mtu anayening'inia ukingoni.

"Amba!"

Baadaye nilitazama rekodi ya pambano nikapima muda. Zilikuwa sekunde kumi na moja. Zamani niliwaambia wanafunzi kwamba sekunde kumi na moja ni kitu kidogo. Siku ile niliziona zikipita moja moja. Mama Mvua akapiga goti, akalala, na jina lake lililokuwa juu ya kichwa chake likaanza kufifia herufi kwa herufi. Subilaga aliondoa mikono yake kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

Ndipo mikono ya Ambakisye ikatulia. Sijui niwaelezeje. Alichokuwa akikiogopa kilikuwa kimeshatokea, na watu wote walikuwa wamekiona. Vidole vikafunguka, akaanza kupiga. Alipiga kama daftari lake lilivyosema Mchawi wa Radi hupiga: wavu wa umeme, kisha radi, kisha radi nyingine kabla moshi haujatawanyika. Kimyakimya alirudi kivulini, kivuli kikamulikwa. Hakudumu hata nusu dakika.

Ukumbi ukalipuka kwa kelele. Mtu alipanda juu ya benchi. Lakini katika Uwanja wa Kaburi aliyeshindwa hupewa sekunde kumi kabla ya kufutwa, na katika sekunde hizo Kimyakimya, ambaye hakuwahi kuandika neno, aliandika. Maneno yakatokea kwenye kioo, makubwa, kila mtu akayasoma:

"Ulikuwa wapi muda wote?"

Kelele zikafa. Aliyekuwa juu ya benchi akashuka taratibu. Watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakabaki wale wawili na mimi.

"Nilikuita mara tatu," Subilaga akasema.

"Nilikusikia."

"Kumbe ulinisikia?"

Ambakisye akamweleza yote. Mikono, ubao wa shule, swichi, koleo. Kwamba na mimi nilijua tangu asubuhi, hilo nilimkatiza nikalisema mwenyewe. Subilaga hakunigombeza, na mpaka leo natamani angefanya hivyo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja.

Ambakisye akainuka, akaenda mlangoni, akaibandua orodha ya mwezi. "Nitaichana," akasema. "Ni uongo mtupu."

"Usiichane." Subilaga akamchukua ile karatasi, akailaza mezani, akainyoosha. "Si uongo. Umeona mwenyewe, Mchawi wa Radi kamshinda Mnyemeleaji, kama ulivyoandika. Hukukosea hesabu, kaka. Wodini kwetu kuna manesi wanaokijua kitabu chote, siku ya kwanza damu ikimwagika wanasahau hata mlango uko wapi. Wengine wanazoea. Wengine wanatuambia mapema kwamba wanatetemeka, tunawapa cha kushika. Anayetuponza ni yule anayeficha." Akaweka kidole juu ya karatasi. "Orodha hupanga silaha. Hofu hupanga mikono. Ungeniambia mikono yako imepangwaje, ningepanga vita vingine."

Hivyo ndivyo ilivyotamkwa mara ya kwanza, na mwanamke aliyekuwa bado analia.

Subilaga alikaa mwezi mzima bila kuja. Aliporudi alianza upya, Mganga tena, daraja la kwanza kabisa. Yule kijana wa Gulu alimpata baada ya miezi minne. Wa Moroni hakupatikana. Ambakisye alijiunga naye, akawa anapigana naye uwanja wa kawaida, mchana, watu wakimtazama. Walishindwa mara nyingi sana. Mikono yake haikupona kabisa, lakini alimwambia Subilaga kabla ya kila pambano ikoje siku hiyo, naye akampa kazi ya kuiweza.

Orodha aliendelea kuibandika. Ila vijana walipokuja kumuuliza, "Kaka Amba, nichague aina gani ili nishinde?", hakuwaonyesha karatasi kwanza. Aliwakalisha chini akawauliza, "Ukiogopa, mikono yako hufanya nini?" Wengi walicheka, wakasema wao hawaogopi. Hao aliwaambia warudi siku nyingine. Aliyenyamaza na kuitazama mikono yake ndiye aliyefunguliwa daftari, maana huyo alikuwa ameshaelewa kwamba orodha hupanga silaha, hofu hupanga mikono.