Mama Pimbi na Chuo cha Juu Kabisa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mkeka, pakawa moto, pakawa bibi na maneno yake!

Haya, wewe mwenye miguu mirefu, ikunje mwenzako apate pa kukaa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisomeshana wenyewe kwa wenyewe, paliondokea pimbi mmoja na mwanawe. Pimbi mnamjua, kanyama kanene ka majabalini. Mkia hana, lakini maneno anayo. Mwanawe akiitwa Mwatumu.

Mwatumu alikuwa na jambo lake. Kukicha tu hupanda jiwe refu, akakaa, akaangaza huku, akaangaza kule. Akiona kivuli kibaya, hupiga mbinja: fyuuu! Na pimbi wana mila yao. Ukisikia mbinja, huulizi nani wala kwa nini. Unaingia mwambani kwanza, maswali baadaye.

Lakini mama mtu hakufurahi. "Mtoto gani huyu, kutwa kukodoa macho! Wenzio wanakwenda chuoni."

Siku moja akapita Mama Sungura na ndoo yake kichwani.

"Shoga, hujambo? Wangu yuko chuo cha Mwalimu Kiboko, anajifunza kuogelea. Wako je? Bado yuko juu ya jiwe?" Akacheka meno yote nje, na meno ya sungura mnayajua.

Maneno yale yakamchoma Mama Pimbi. Akajifunga kibwebwe, akajipiga kilemba chake chekundu, akamshika mwanawe mkono. Haya, twende!

Wakaenda, wakaenda, wakafika mtoni kwa Mwalimu Kiboko.

"Mtoto," akauliza Kiboko, "wewe unapenda nini?"

Mwatumu akafungua mdomo. Mama akamuwahi. "Anapenda kuogelea, Mwalimu! Tangu tumboni anaogelea!"

"Basi aingie."

Mwatumu akaingia majini, chubwi! Akazama kama jiwe la kusagia. Kiboko akamtoa kwa pua, maji yakimchuruzika, manyoya yamemganda. Na pale ukingoni nani alikuwa akitetemeka, masikio yamelala? Mtoto wa Mama Sungura.

"Mama," akasema Mwatumu, "mimi nilitaka kusema..."

"Nyamaza, jikaushe. Chuo hiki kiko chini mno. Nitakupeleka cha juu, juu kabisa, hata Mama Sungura akitaka kukiona avunje shingo!"

Na chuo cha juu kabisa kilikuwa cha nani? Cha Tai! Najua mnaguna. Hata Mwatumu aliguna.

"Mama, Tai si anakula pimbi?"

"Hayo ya zamani. Siku hizi ni mwalimu, nyama ameacha, anakula elimu tu."

Wakapanda, wakapanda, wakafika genge la juu mlimani. Tai amekaa, kifua mbele, kucha kazificha chini ya mabawa.

"Mtoto, unapenda nini?"

Mama akamuwahi. "Anapenda kuruka, Mwalimu! Tangu tumboni anaruka!"

Tai hakuuliza jina. Aliuliza, "Amenenepa vizuri?"

"Tele! Na wanafunzi wako wa zamani, Mwalimu, wako wapi?"

"Ah, mama. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwao. Wote wameingia mahali pazuri, pana joto."

"Umesikia, Mwatumu? Wote wamepata mahali!"

Mwatumu hakusikia. Alikuwa akifanya jambo lake, anaangaza huku, anaangaza kule. Akaangaza kwenye kiota. Akaona vifupa. Akaona fungu la manyoya ya kahawia, kama ya shangazi yake. Akaona bawa linainuka taratibu, nyuma ya mama yake anayeendelea kusifu.

Fyuuu!

Mama Pimbi hakuwaza. Kichwa bado kinasema "tangu tumboni", miguu imeshafika mwambani! Mwatumu naye huyo, nyuma yake. Kucha za Tai zikafumba kwa nguvu, zikapata nini? Kilemba chekundu.

Wakakaa ndani ya ufa, moyo wa mama unapiga kama mchi kinuni. Akamtazama mwanawe, akamtazama kama anayemwona leo.

"Mwanangu," akasema polepole, "wewe unapenda nini?"

"Kuangaza, mama. Niangaze, niwapigie mbinja wenzangu, waishi."

Mama akalia, akacheka, akalia tena. Tai alipochoka kungoja akaenda zake, nao wakashuka mpaka kichuguuni kwa Bi Nguchiro, mwalimu wa kuangaza. Chuo hakina lango wala kibao, ila watoto wamesimama wima juu ya kichuguu, kila mmoja anatazama upande wake.

"Mtoto, unapenda nini?" akauliza Bi Nguchiro.

Mama Pimbi akafungua mdomo. Akaufumba, kisha akauziba na kwa mkono, maana aliujua.

Mwatumu akajibu mwenyewe. Akapokewa.

Siku zikapita, Mama Sungura akaja na ndoo yake.

"Shoga, mbona kichwa wazi? Kilemba kiko wapi?"

"Nilikilipa ada, shoga. Chuo cha juu ni ghali. Wako je?"

"Wangu? Nimemrudisha. Hata leo anakohoa maji."

"Basi muulize anapenda ni..."

Fyuuu! kutoka kichuguuni. Mama Pimbi akamkamata shoga yake sikio, akamvuta mwambani. Ndoo ikabaki inabingirika peke yake, kivuli cha Tai kikapita juu yake, kikaenda zake na njaa.

"Nani huyo aliyepiga?" Mama Sungura akahema.

"Wangu," akasema Mama Pimbi. "Yule wa juu ya jiwe."

Wajukuu zangu, na ninyi mama zao mnaojifanya mnamenya mihogo huko nyuma, sikieni. Chuo ni kama kiatu, hakivaliwi na mama, kinavaliwa na mtoto. Kabla hujauliza chuo kipi, muulize mwanao, kisha ufumbe mdomo usikie.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, lambeni vidole. Ikiwa chapwa, nirudishieni niitie chumvi.