Bango la Macho la Daktari Senzota

Mzee yeyote aliyetaka cheti cha macho ili ahuishe leseni ya udereva, Daktari Senzota alimfelisha mpaka alete jogoo. Bi Nakijwa, aliyezeeka akiendesha pikapu ya tangawizi, alishafelishwa mara mbili. Safari hii alimtangulia daktari chumbani, mikono mitupu.

Daktari alipaki gari lake, akaingia, akanyoosha fimbo ukutani.

"Soma mstari wa juu."

"Sioni herufi, daktari."

"Hata hii kubwa?"

"Hata hiyo."

Daktari akacheka. "Bibi, wewe ni kipofu kabisa. Jogoo yuko wapi?"

Bi Nakijwa akafungua mlango, akawaita wazee waliokuwa kwenye foleni, pamoja na askari wa trafiki aliyekuja kupimwa.

"Jamani, pale ukutani mnaona nini?"

"Msumari," wakajibu.

Bi Nakijwa akalitoa bango la herufi chini ya khanga yake, akalitandaza mezani.

"Daktari, utatusainia, au afande akuulize umefikaje hapa na gari?"

Jioni wazee walirudi na vyeti na majogoo wao. Daktari alirudishwa kwa pikapu ya Bi Nakijwa.